Wiki ya Kumi na Nne

Niliinunua Jumamosi, soko la mitumba, Freiburg,
mvua ikitishia tu, haijaamua.
Bwana Ottmar Fehrenbach alikuwa ameifunika taulo la kuogea
kama anayemsitiri mgonjwa.
"Ya mwaka sitini na nane," akasema. "Zawadi ya harusi yangu."
Alitaka yuro themanini. Nilimpa sitini na tano
na glavu nilizokuwa nimevaa, maana mikono ilimtetemeka.
Akaniandikia nambari ya simu nyuma ya risiti ya mkate:
"Ikiimba, niambie."

Nyumbani niliipindua juu ya meza ya jikoni.
Mkanda ulikatika vidoleni
kama tambi isiyopikwa.

Mimi ni fundi wa lifti. Kazi yangu ni kutomwamini mtu
anaponitajia umri wa mashine.
Mwenye jengo husema miaka kumi,
kamba ya chuma husema ishirini na sita.
Basi nikatafuta.
Nambari iliyogongwa kwenye bati: tarakimu sita, bubu.
Plagi: ya juzijuzi.
Mbao: mbao hazina habari.
Lakini ndani kabisa, nyuma ya mota,
kapasita ya rangi ya haradali, nene kama njugu,
na ubavuni mwake, kwa mwenye tochi na subira:
14 73.
Wiki ya kumi na nne, mwaka sabini na tatu.

Nikachunguza risasi iliyoishika.
Laini, ya kiwandani, haijaguswa na mkono wa pili.
Na chini ya ubao, kwa penseli iliyofifia:
*Hedwig, zamu ya usiku.*
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Hii ilikuwa imetembea miaka hamsini
na bado ilikuwa na viatu.

Wiki mbili niliifanyia kazi nikitoka zamu.
Beringi niliiosha kwa spiriti,
nikaitia matone matatu ya mafuta mepesi, siyo manne.
Nyaya za mkono, nne, nyembamba kama nywele za kichanga,
nilizibadili nimebana pumzi.
Sindano mpya ilinigharimu kuliko mashine yenyewe.
Mume wangu, Lorenz, aliuliza bei;
nilimtajia nusu.
Springi nikaziacha. Zilikuwa bado zinajua kazi yao.
Kapasita ilibidi itoke: za umri ule
hupasuka bila kuaga, zikajaza nyumba moshi.
Niliikata miguu yake miwili
nikaiweka kwenye kisosi, pembeni ya chumvi.

Halafu nikapiga simu.
"Inaimba?"
"Inaimba. Inanguruma kidogo."
"Hata zamani ilinguruma."
Nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Sikunyamaza.
"Bwana Fehrenbach, hii ni ya sabini na tatu."

Nilisikia birika lake likianza kuchemka,
likazimwa.

"Ile ya harusi Annelore aliitupa ngazini.
Kutoka ghorofa ya tatu. Alikuwa na haki.
Hii nilimletea mimi, kwa basi, nimeipakata,
nikasimama mlangoni mpaka akafungua.
Akaitazama, akasema: haya, hii ndiyo ya harusi.
Tangu siku hiyo hatukuiita vinginevyo.
Hivi ninavyokuambia, nilikuwa nimesahau."

Sikujua la kusema. Nilimuuliza kama glavu zinamtosha.
Zinambana kwenye gumba, akasema, lakini anazivaa.

Usiku ule niliifungua tena, bila sababu ya kifundi.
Kapasita nikaifunga kwenye karatasi, nikaibandika ndani.
Chini ya jina la Hedwig nikaandika kwa penseli
mkanda, nyaya, sindano, na tarehe ya leo;
kisha, kwa yule atakayeifungua kesho kutwa na tochi yake,
asiyeamini mtu:
*Usibishane na mwenyewe. Ni ya harusi.*

Mngurumo bado upo, upande wa kushoto.
Nadhani ni waya wa ardhi.
Nitautazama Jumapili.